Udaktari wa meno: alama za mtihani zina uzito gani, na shughuli za nje ya darasa zina uzito gani?

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wa Unguja na Pemba, na wazee wao. Tumeanza na vyuo vya nyumbani Tanzania, kisha tukavuka maji. Uzito wa alama na wa shughuli hubadilika kutoka nchi moja hadi nyengine, na ushauri unaomfaa anayekwenda Muhimbili unaweza kumpotezea mwaka mzima anayetaka kwenda Uturuki. Kwa hivyo kabla ya kusoma jibu, angalia linazungumzia nchi gani.

Mimi ni nahodha wa timu ya skuli na katibu wa klabu ya afya. Itanisaidia kuingia Muhimbili?

Hapana. Nafasi za shahada ya udaktari wa meno, ile inayoandikwa DDS, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) hushindaniwa kwa matokeo ya mtihani. Unaingiza namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, unachagua kozi, unalipa ada ya maombi, basi. Huitwi kwenye usaili, huandiki insha, wala hakuna pahala pa kuweka cheti cha mashindano. Mwenye pointi nyingi hutangulia, na nahodha mwenye pointi chache hubaki nyuma ya mtu ambaye hajawahi kugusa mpira.

Wapo wanaoona mfumo huu ni mkavu. Lakini una faida moja kwa mtoto wa Micheweni au Makunduchi: hauulizi kama baba yako anamjua daktari yeyote.

Pointi zinahesabiwaje? Baba anasema pointi chache ndiyo nzuri, mwalimu anasema nyingi ndiyo nzuri.

Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia hesabu yake. Baraza la mitihani la Tanzania, NECTA, linapopanga divisheni ya kidato cha sita, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Hapo namba ndogo ni bora, na Divisheni ya Kwanza ni pointi 3 hadi 9. Udahili wa chuo kikuu chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hugeuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Hapo namba kubwa ndiyo bora, na kilele kwa masomo matatu ni 15.

Chukua mwanafunzi mwenye B ya Baiolojia, C ya Kemia na B ya Fizikia. Kwenye cheti ana 7 na Divisheni ya Kwanza. Kwenye udahili ana 11. Kosa linalojirudia kila Julai ni mtu kusoma "pointi 6" kwenye kitabu cha TCU, akatazama cheti chake chenye 12 za divisheni, akafurahi kwamba amepitiliza maradufu. Hizo 12 zinaweza kuwa D tatu, na D tatu ndizo hizo hizo pointi 6.

General Studies na ile hesabu ya BAM hazimo katika pointi za masomo hayo matatu. Usizidharau, lakini usizitegemee zikubebe.

Kima cha chini nimekifikia. Nimeshapata?

Umepata ruhusa ya kuomba tu. Kima cha chini kinamtoa asiyeruhusiwa kushindana. Mstari wa kweli huchorwa na waombaji wenzako wa mwaka ule, na nafasi za meno ni chache kuliko za udaktari wa jumla. D tatu zinaweza kukubaliwa na mfumo na bado ukaachwa katika awamu zote. Kwa hivyo usijaze machaguo yako kwa kozi za ushindani mkubwa pekee. Weka angalau moja ambayo pointi zako zinaizidi kwa mbali na ambayo uko tayari kuisoma kwa moyo.

Jambo dogo linalowaponza wengi: ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe uliyojisajilia, kabla ya tarehe ya mwisho. Aliyejisajili kwa laini ya binamu yake huikosa namba hiyo, na nafasi huenda kwa mwengine.

Ni wapi hasa alama za PCB zinapotea?

Kwenye vitendo, mara nyingi. Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja ina karatasi ya tatu ya maabara, na skuli nyingi huingia maabara kwa dhati miezi miwili tu kabla ya mtihani. Katika Kemia mwanafunzi anasoma bureti na kuandika 24.3 badala ya 24.30, au anatia katika wastani ule usomaji wa kwanza wa kukisia. Katika Fizikia grafu inachorwa vizuri lakini mihimili haina vipimo, au skeli imebanwa hadi nukta zote zimekaa kwenye kona moja ya karatasi. Katika Baiolojia mtu anaandika rangi ya mwisho ya kipimo cha chakula na kusahau kuandika alichokifanya na rangi iliyokuwepo mwanzo.

Makosa haya hayataki akili nyingi, yanataka kurudia. Mwanafunzi aliyefanya taitresheni mara ishirini hawezi kulingana na aliyeifanya mara tatu. Kama skuli yenu haina kemikali za kutosha, zungumzeni na mwalimu mkafanye pamoja na skuli ya jirani siku za Jumamosi. Klabu ya sayansi inayoandaa jambo hilo ni shughuli ya nje ya darasa inayoongeza pointi moja kwa moja, na si nyingi za namna hiyo.

Sikupata PCB nzuri. Kuna njia ya diploma?

Ipo, nayo ni ndefu lakini imenyooka. Diploma za afya, ikiwemo ya tabibu wa meno, huomba ufaulu wa kidato cha nne wa masomo manne yasiyokuwa ya dini, yakiwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hapo ndipo baadhi ya vijana wetu hukwama: ana ufaulu mzuri wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, anahesabu masomo manne, kumbe moja halimo katika hesabu. Ukimaliza diploma kwa wastani mzuri, kwa kawaida B, unaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi, na chuo kitarudi tena kuangalia alama zako za kidato cha nne, Hisabati na Kiingereza zikiwemo. Masharti ya wastani huo hubadilika, hivyo soma kitabu cha TCU cha mwaka wako. Cha kaka yako cha miaka mitatu nyuma hakikufai.

Na hata kwenye njia hii ya diploma, hakuna anayepima shughuli. Ni wastani tu.

Basi niache klabu zote?

Kama mlango wako ni wa Tanzania peke yake, basi shughuli zichague kwa faida nyengine, si kwa udahili. Zinakufundisha kusema mbele ya watu, zinakupumzisha, na pengine zitakuonesha mapema kwamba harufu ya chumba cha meno huiwezi. Saa mbili tatu kwa wiki hazimwangushi mtu. Zinazoangusha ni zile wiki nne za mashindano zinazoangukia kwenye mtihani wa moko.

Na Marekani? Huko nasikia wanaangalia mtu kwa ujumla wake, si alama tu.

Wanaangalia, lakini baada ya kuchuja kwa namba. Ieleweke kwanza kwamba huko udaktari wa meno husomwa baada ya chuo: wengi huingia wakiwa na shahada ya kwanza, na vyuo vingi vinataka angalau miaka mitatu ya masomo ya chuo yenye Baiolojia, Kemia ya jumla, Kemia ya oganiki na Fizikia, pamoja na maabara zake. Cheti cha kidato cha sita peke yake hakifungui mlango huo.

Maombi hupitia mfumo mmoja uitwao AADSAS. Unafunguliwa Mei, na kupeleka maombi huanza mwanzoni mwa Juni. Mfumo unahesabu upya GPA yako, yaani wastani wa alama zako za chuo, kwa kanuni zake: ya jumla, ya sayansi, na ya Baiolojia, Kemia na Fizikia pekee. Ukirudia kozi, alama zote mbili zinaingia, ya zamani na ya mpya, hata kama chuo chako kiliifuta ya zamani. Mtu anaamini ana 3.5, mfumo unamrudishia 3.3. Wanaopokelewa, kwa wastani, wako kwenye 3.5 na ushei kati ya 4.0.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kamati inaanza kwa GPA na alama za DAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya meno. Walio chini sana mara nyingi huishia hapo, hata wawe na saa 1,000 za kujitolea. Waliobaki wanasomwa insha yao ya herufi 4,500, barua za wanaowajua na orodha ya shughuli, kisha baadhi wanaitwa kwenye usaili. Baada ya usaili namba zinapungua nguvu, kwa sababu wote waliofika pale wanazo. Hapo ndipo shughuli zinamtenga mmoja na mwengine. Kwa maneno mengine, shughuli haziwezi kununua alama zilizokosekana, na alama haziwezi kumwokoa mtu ambaye hajawahi kukaa hata siku moja kwenye chumba cha daktari wa meno.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Vyuo vingi huita watu kwenye usaili kadiri maombi yanavyoingia, hivyo ombi lile lile la Juni na la Oktoba halina bahati sawa. Na kwa asiye raia kuna ukuta wa ziada: si kila chuo kinapokea wageni, mikopo ya serikali kuu ya huko si ya wageni, na gharama ya mwaka mmoja katika baadhi ya vyuo hupita dola 100,000.

DAT ni mtihani wa nini?

Una sehemu nne. Sayansi ni maswali 100 kwa dakika 90: Baiolojia 40, Kemia ya jumla 30, Kemia ya oganiki 30. Uwezo wa kuona maumbo ni maswali 90 kwa dakika 60. Kusoma na kuelewa ni maswali 50 kwa dakika 60. Hesabu ni maswali 40 kwa dakika 45. Tangu Machi 2025 alama hutolewa kwa skeli ya 200 hadi 600. Ile ya zamani ilikuwa 1 hadi 30, kwa hivyo ukisoma ushauri unaosema "pata 20" jua ni wa zamani.

Sehemu ya maumbo ndiyo inayowashangaza watu wetu: kukunja karatasi kichwani na kujua matundu yatakaa wapi, kulinganisha pembe, kuhesabu pande za vibweta vilivyopangwa. Hakuna somo la skuli linalofundisha hayo. Aliyezoea michoro ya ufundi au kukata kitambaa hupata urahisi. Mwengine atahitaji mazoezi ya kila siku kwa wiki kadhaa.

Saa ngapi za kukaa na daktari zinatosha, na huku visiwani nazipataje?

Kwa Marekani, saa 100 ni kipimo kinachotajwa sana, ingawa kila chuo kina maneno yake. Zilizosambaa katika miezi sita huonekana bora kuliko zilizorundikwa katika wiki mbili, na kuona madaktari wawili watatu wa kazi tofauti ni bora kuliko mmoja.

Huku kwetu, anza na barua ya skuli kwenda kwa mganga mkuu wa hospitali: Mnazi Mmoja kwa walioko mjini, na kwa Pemba uliza Wete, Chake Chake au Mkoani, ile iliyo karibu nawe. Barua iseme wewe ni nani, unaomba siku gani na saa gani, na kwamba utaangalia tu bila kugusa. Usiende na barua Jumatatu asubuhi, siku ambayo foleni ya meno imefika mlangoni. Nenda mchana wa katikati ya wiki. Kliniki binafsi pia zipo, na mara nyingi jibu lao ni la haraka. Wakati mzuri ni kati ya mtihani wa kidato cha sita unaoisha Mei na matokeo ya Julai.

Kabla ya kuingia, uliza chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, na ya tatu kwa kawaida huja miezi sita baada ya ya kwanza, kwa hivyo ianze mapema. Vaa viatu vya kufunika vidole. Simu iwe mfukoni: picha ya mgonjwa aliyefumbua kinywa ikiingia kwenye grupu la WhatsApp, umejifungia mlango wewe na wanaokuja nyuma yako.

Daftari lako liwe na tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi uliyoiona na saini ya daktari. Usiandike jina la mgonjwa. "Niliona meno yakitibiwa" haina faida. "Ganzi ya taya la chini ilichelewa kukolea, daktari akasubiri, akajaribu tena kabla ya kushika koleo" inaonesha ulikuwa macho. Andika pia yasiyo ya kiti: vifaa vinavyosafishwa na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke, mgonjwa aliyekuja kutoka kijijini akataka jino ling'olewe ingawa lingeweza kuzibwa, na daktari alivyomweleza. Miaka miwili baadaye kwenye usaili, maelezo hayo ndiyo yatakayokusaidia. Idadi ya saa watakuwa wameshaiona kwenye fomu.

Nashona kofia, dada yangu anapiga hina. Hayo yanahesabiwa?

Yanahesabiwa kuliko watu wanavyodhani, kwa Marekani na Uingereza. Daktari wa meno anafanya kazi ndani ya nafasi ndogo, mara nyingi akitazama kwenye kioo, kwa makosa yasiyozidi sehemu ya milimita. Vyuo hutafuta dalili kwamba mkono wako umetulia, na baadhi ya vyuo vya Uingereza huweka jaribio la mikono kwenye usaili wenyewe, kama kukunja waya ufuate mchoro.

Kofia ya mkono ya vito ni ushahidi mzuri: maelfu ya matundu madogo yaliyozungushiwa uzi, kila moja sawa na jirani yake. Hina na piko za bibi harusi, ukili unaosukwa kwa mikeka, nakshi za milango, kupiga udi au ganuni katika taarabu, vyote vina hoja. Ila hoja haijisemi. Ukiandika "napenda kushona kofia" umeandika kitu cha kupitisha wakati. Andika umeshona ngapi, moja inachukua muda gani, unafanyaje tundu moja likiharibika katikati ya safu, na umemfundisha nani. Piga picha za kazi kwa mpangilio wa miaka. Usijaribu kuibadilisha iwe ya kizungu ili ionekane ya maana. Kwa msomaji wa Michigan aliyechoshwa na waombaji wote wanaopiga piano, kofia ndiyo itakayomwamsha.

Uingereza inapima vipi?

Kwa alama, mtihani wa kuingilia uitwao UCAT na usaili, karibu kwa mpangilio huo. Ofa ya kawaida ya A-level ni AAA, yenye Baiolojia au Kemia au zote mbili. Maombi ya meno hufungwa tarehe 15 Oktoba, miezi kadhaa kabla ya kozi nyingi nyengine, na unaweza kuomba vyuo vinne vya meno tu. Chaguo la tano liwe la kozi nyengine. UCAT hufanywa kati ya Julai na Septemba, na matokeo yake yanatumika kwa mzunguko huo mmoja. Tangu 2025 jumla yake ni 900 hadi 2,700, na sehemu ya maamuzi ya kikazi hutolewa kwa daraja la 1 hadi 4, ambapo 1 ni bora.

Shughuli zako huko hazipewi pointi kwa wingi wake. Zinatafutwa kwenye mazungumzo: uliona nini, ukajifunza nini, ungefanya nini kama mgonjwa analia. Kabla ya kulipa chochote, andikia ofisi ya udahili kuuliza kama cheti cha NECTA wanakipokea na nafasi za wageni ni ngapi. Ada ya mgeni katika vyuo vingi hupita pauni 40,000 kwa mwaka.

Uturuki je? Vijana wengi wanaomba ule ufadhili wa serikali yao.

Türkiye Bursları kwa kawaida hufunguliwa 10 Januari na kufungwa 20 Februari. Kozi nyingi za shahada ya kwanza zinataka wastani wa asilimia 70, lakini udaktari, udaktari wa meno na famasia zinataka 90. Hapa shughuli hazina msaada kwa aliye na 85: mfumo unamtoa mwanzo kabisa. Kwa aliyevuka 90, barua ya nia, vyeti vya shughuli na usaili vina uzito wa kweli, kwani huko wanauliza hasa umeifanyia nini jamii yako. Kusomesha watoto madrasani kila jioni kwa miaka mitatu ni jibu zuri. Mwombe mwalimu mkuu wa madrasa barua yenye tarehe. Na kumbuka NECTA huanza A kwenye 80, kwa hivyo A tatu si lazima ziwe 90. Jiandae kueleza mfumo wa alama za nyumbani kwa hati rasmi.

Kampala?

Makerere ina shahada ya meno, na udahili wake ni hesabu tupu. Masomo mawili ya msingi, hapa Baiolojia na Kemia, yanazidishwa kwa 3, la tatu kwa 2, na alama za kidato cha nne zinaongeza sehemu ndogo ndogo. Cheti cha Tanzania lazima kwanza kilinganishwe na baraza la mitihani la Uganda, UNEB. Usisubiri wiki ya mwisho.

Nani aniandikie barua ya mapendekezo?

Mwalimu wa sayansi aliyekusomesha na kukuona ukikosea, kisha daktari uliyekaa naye. Barua ya mheshimiwa asiyekujua ina jina kubwa na mistari mitatu mitupu. Mpe mwandishi mwezi mzima, karatasi yenye alama zako na mambo mawili uliyoyafanya mbele yake, na barua pepe ya kazini kama anayo. AADSAS humtumia mwandishi kiungo moja kwa moja. Mwalimu ambaye hafungui barua pepe yake ndiye anayechelewesha ombi zima, kwa hivyo mfuatilie kwa adabu.

Nikiongeza saa kidogo kwenye fomu, nani atajua?

Daktari uliyemtaja, akipigiwa simu. Na wewe mwenyewe, utakapoulizwa siku ya saa ya 140 uliona nini.

DDS, DMD, BDS: ipi bora, na nikirudi nitasajiliwa?

Kwa Marekani DDS na DMD ni shahada moja yenye majina mawili. BDS ni ya Uingereza, Kenya, Uganda, India na kwengineko. Jina halikuzuii kusajiliwa. Kinachozuia ni chuo kisichotambulika. Kabla ya kulipa ada nje, uliza TCU kama chuo na programu hiyo vinatambuliwa, na uliza baraza la madaktari la upande utakaofanyia kazi, Zanzibar au Bara, wanataka mtihani gani na mafunzo ya vitendo ya muda gani kwa aliyesomea nje. Omba jibu kwa maandishi, litie kwenye faili pamoja na cheti cha kuzaliwa, na chukua nakala mbili kabla hujapanda boti.